Santuri na kanda za marehemu mzee: uziuze au uzitunze?

Ndugu yangu wa Moshi, pole kwa msiba. Nimekuelewa: mzee amekuachia santuri na kanda za muziki wa dansi, baadhi zimeota ukungu, nawe unafikiria kuzinakili kwenye kompyuta kisha uziuze.

Usianze kwa kucheza chochote. Kanda yenye ukungu huchafua hedi ya redio, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, na kanda inayofuata nayo huambukizwa; kwa hiyo zile zenye unga mweupe ukingoni mwa utepe zitenge, ukiwa umevaa barakoa, umpelekee fundi mzoefu. Zilizo safi zizungushe hadi mwisho na kuzirudisha kabla ya kunakili, kwa sababu utepe uliolala miaka mingi hugandamana.

Santuri zisimamishe wima mbali na dirisha, kwani joto la jua huzipinda. Ukizifuta, spiriti usiiguse kabisa: zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika huharibiwa nayo.

Kuhusu kuuza, mimi nisingekuwa na haraka. Andika kwanza jina la bendi na namba iliyo kwenye lebo ya kila santuri, maana mnunuzi anayetaka mzigo wote kwa bei moja kwa kawaida ameshaona kitu usichokijua. Kuuza nakala ni suala jingine: kwa mfano, mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na sheria yetu hulinda tungo kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, hivyo huwezi kuuza nakala za tungo zake bila ruhusa kabla muda huo haujaisha. Aidha, kama mirathi haijafungwa, zungumza na msimamizi pamoja na ndugu zako kabla hata santuri moja haijatoka nyumbani.