Mkaa wa Uvinza, qadari ya Allah na moshi wa Wazungu

SWALI: Assalaam alaykum Shehe. Nachoma mkaa porini upande wa Uvinza, nauza Ujiji na Kigoma mjini. Ndiyo kazi inayolisha watoto wangu wanne na mama yangu mgonjwa. Tangu ziwa lilipopanda likaingia majumbani kule Kibirizi, watu wanasema sisi wakata miti ndio tulioharibu tabianchi. Ustadhi mmoja kwenye darsa akasema habari za tabianchi ni maneno ya Wazungu, wao ndio wenye viwanda, na mvua na jua ni qadari ya Allah, hivyo kuyaamini ni upungufu wa imani. Mwingine akaniambia uso kwa uso kwamba pesa yangu ni haramu na sadaka yangu haipokelewi. Silali. Je, niache kazi? Na pesa niliyokwisha kula?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, nianze na lililokunyima usingizi. Kuchoma mkaa kwa asili yake si haramu. Katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mtu kuchukua kamba yake, akaleta mzigo wa kuni mgongoni akauza, ni bora kwake kuliko kuomba watu. Aliyekuharamishia riziki yako kwa neno moja, bila kuuliza unakata wapi na unakata vipi, amesema bila elimu. Na hilo la ziwa pia amekuonea anayekutupia wewe. Ziwa Tanganyika linapanda mvua kubwa zinapojaza mito yake, nalo lina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Matanuri yako hayakuizamisha Kibirizi.

Kinachoigeuza kazi yako kuwa dhambi ni mambo mengine: kuingia msitu wa hifadhi au wa kijiji bila kibali, kukata kwenye chanzo cha maji ya wenzako, na kuliacha pori likiwa haliwezi kurudi. Nitayarudia.

Kwanza huyo ustadhi wa darsa, maana maneno yake yanapendwa siku hizi na yanaharibu watu. Anasema jua na mvua ni qadari. Nani kabisha? Njaa pia ni qadari, na bado yeye hula. Khalifa Umar (r.a.) alipokaribia Sham, nchi ya Syria na jirani zake, akaambiwa kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi lake huko, akamuuliza: unaikimbia qadari ya Allah? Umar akajibu kwamba tunaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na imemaliza mjadala. Anayetumia qadari kuhalalisha uharibifu hana Umar upande wake, na Qur'ani pia hana. Aya ya 41 ya Suratu Rum inasema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mikono ya watu, ndivyo Mola alivyosema. Kuyasoma haya kisha kudai kwamba mwenye kuamini kuwa binadamu ameharibu hali ya hewa ana upungufu wa imani, huko ni kuigeuza dini kichwa chini miguu juu.

Na asidhani jambo lenyewe ni la mbali. Wavuvi wa dagaa na migebuka wanaishi nalo. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba inayolisha vijimea na viumbe wadogo ambao ndio chakula cha dagaa imelala chini. Upepo wa kusi wa kiangazi ndio husaidia kuyachanganya maji ili rutuba ipande. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, yanakaa juu kama kifuniko, rutuba inabaki chini na dagaa wanapungua. Uvuvi wa kupita kiasi nao umo, ndiyo maana uvuvi ziwani ulifungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei. Lakini nyavu peke yake hazielezi kila kitu.

Hoja ya Wazungu ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo niitamke bila kumung'unya. Walioijaza anga hewa ukaa ni wengine. Ulaya ilianza kuchoma makaa ya mawe viwandani zaidi ya miaka 200 iliyopita, na bara zima la Afrika leo halifiki asilimia 5 ya hewa hiyo inayotoka duniani kwa mwaka. Wanaowadai fidia wana haki. Umar huyohuyo alipomweka Hunayyi kusimamia malisho yaliyohifadhiwa, alimwamuru awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie Ibn Awf na Ibn Affan, matajiri wale, kwa kuwa wao mifugo ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Mwenye nacho ndiye hubanwa kwanza.

Lakini tazama: malisho yalibaki na msimamizi. Maskini aliingia kwa utaratibu, hakuachiwa ayamalize. Na Allah aliposema mbebaji habebi mzigo wa mwingine, maana yake hubebi wa kwao, nao hawabebi wako. Mtume alipotoa mfano wa watu waliogawana jahazi, wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu, hakutuambia wa chini walikuwa wanyonge basi waachwe. Alisema wakiachwa, wote wataangamia. Ustadhi atuonyeshe wapi katika hadithi hiyo pameandikwa kwamba tundu dogo linaruhusiwa.

Sasa kazi yako, ambayo naona ni muhimu kuliko mabishano yote hayo.

Usikate ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza, na kwa sheria ya dini ni dhuluma kwa wote wanaokunywa chini yako. Kibali kikate kwa Wakala wa Huduma za Misitu au, pori likiwa la kijiji, pitia serikali ya kijiji. Anayelipa rushwa badala ya ushuru asijidanganye kwamba amelipa.

Miti mingi ya miombo huchipua kisikini. Kata chini, kama sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini, mkato wa mshazari maji yasituame, na kisiki usiking'oe. Mninga na mkurungu waache, na wenye nyuki. Kinachoua machipukizi ni moto wa Septemba na Oktoba, majani yakiwa yamekauka kabisa, na jembe linalofuata nyuma ya mchoma mkaa. Pori likipumzishwa miaka ishirini na zaidi hurudi. Likigeuzwa shamba la mahindi halirudi.

Tanuri ndipo wengi wanapokosea. Kuni mbichi hutumia moto wake kujikausha, na wewe unapata majivu. Zikaushe wiki tatu au nne. Laza magogo ya chini hewa ipite, minene iwe katikati, myembamba izibe mapengo, kisha majani mabichi, kisha udongo. Udongo wa mfinyanzi mtupu hupasuka, na kila ufa ni mlango wa hewa unaokula mkaa wako usiku ukiwa umelala. Uchanganye na mchanga, na uzibe nyufa mara kwa mara. Moshi mweupe mzito ni maji yanatoka. Ukiwa mwepesi wa samawati, funga matundu. Tanuri la ovyo hutoa kilo 10 hadi 15 za mkaa kwa kilo 100 za kuni. Lililojengwa vizuri hupita 20, na lenye bomba la moshi hufika 25 hata 30. Maana yake gunia lilelile kwa nusu ya miti. Anayejua hili akaendelea kuteketeza miti kwa uvivu, hiyo ni israfu, yaani ubadhirifu, na israfu ina hukumu yake. Moshi wenyewe pia una methani, gesi inayoshika joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, basi kuupunguza si jambo dogo.

Pesa uliyokwisha kula bila kujua, isamehe nafsi yako na muombe Allah maghfira. Kama kuna mti wa mtu uliukata bila idhini, nenda kamlipe au akusamehe. Ulipokata kando ya mto, rudi ulinde machipukizi yale kabla hujafikiria kupanda mapya. Sadaka yako endelea kuitoa, na dawa ya mama yako usiipunguze hata senti moja kwa ajili ya wasiwasi huu.

Wallahu a'lam.