Laki nane, wiki mbili, baraza hakuna: Anti, huyu wakili nimpe hela?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa miaka 8 mdogo 4, nipo Chamazi. Nilifunga ndoa kanisani miaka 9 iliyopita, mwaka jana mume wangu kahama nyumbani anaishi na mwanamke mwingine Kigamboni, hela ya matumizi anatuma siku akijisikia. Nyumba tunayokaa na watoto tulijenga wote, kiwanja kina jina lake, ila bati na sementi nyingi nilinunua mimi kwa mkopo wa vikoba. Sasa anasema nyumba ni yake, mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu, na nasikia anatafuta mteja. Kuna kaka ana meza kwenye steshenari moja jirani na mahakama anasema yeye wakili, anataka laki nane yote mkononi, talaka itatoka ndani ya wiki mbili, nyumba nusu kwa nusu ana uhakika, na baraza la usuluhishi hakuna haja. Nimeshakopa laki tano. Nimpe? Mume kwenye baraza ameshasema haji.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hiyo laki tano usiitoe, kaa nayo kwanza. Hayo mambo uliyoahidiwa hakuna wakili wa kweli anayeyaahidi, sio wiki mbili, sio nusu kwa nusu yenye uhakika, na hilo la kuruka baraza ndio limenifanya niamini kabisa kwamba huyo ni kishoka, yaani wakili feki.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ombi la talaka haliendi mahakamani mpaka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, baraza likishindwa kuwapatanisha linakupa hati, watu wanaiita fomu namba 3, na ile hati inatakiwa iwe haijapita miezi 6 tangu itolewe mpaka siku unafungua shauri. Ukipeleka ombi bila hiyo hati shauri linatupwa, tena wakati mwingine linatupwa kwenye rufaa baada ya miaka mnasumbuana, mnarudi kuanza moja. Barua ya mjumbe au ya mwenyekiti wa mtaa sio hati ya baraza, wengi wanaumia hapo. Nenda baraza la kata yako, au Ustawi wa Jamii, au kama kanisa lenu lina baraza linalotambuliwa nenda hapo. Na huhitaji wakili kwa hatua hii, unaenda mwenyewe unajieleza.

Kuhusu mume kusema haji, asikutishe. Baraza litamwita, akiitwa akakaidi makusudi sheria haikufungii mlango kwa sababu ya ukaidi wake, cha muhimu wito uwe wa maandishi na baraza liandike kwamba aliitwa hakufika. Omba nakala ya kila wito utunze.

Sasa nyumba, hapa ndio naomba usome taratibu. Kiwanja kuwa na jina lake sio mwisho wa habari. Kifungu cha 114 cha hiyo Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mlizochuma kwa juhudi za pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza familia, nazo ni mchango. Kwa hiyo hilo la "mama wa nyumbani tu" halina nguvu anayodhani linayo. Ila na wewe usibweteke, maana mchango unathibitishwa kwa ushahidi na kiasi utakachopata kinategemea ulichoonyesha, hakuna nusu ya moja kwa moja. Huyo Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, mahakama iliona hela aliyokuwa ameshapewa na mume kwa ajili ya biashara ndio ilikuwa fungu lake. Kwa hiyo leo leo, kabla ya wakili yeyote, kusanya: daftari la vikoba lenye tarehe ya mkopo na marejesho, risiti za bati hata kama zimefifia (zipige picha upande wa mwanga, wino wa zile karatasi unapotea), meseji za M-Pesa ulizomtumia fundi, jina na namba ya huyo fundi mwenyewe, picha za msingi unavyopanda. Weka nakala kwa mtu unayemwamini, sio ndani ya hiyo hiyo nyumba.

Na huyo mteja anayetafutwa, kifungu cha 59 kinasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na wewe una haki ya kuweka zuio. Kama kiwanja kina hati miliki, zuio linawekwa kwa msajili wa hati. Kama kina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, kama vilivyo vingi huko kwetu, peleka barua ofisi ya mtaa kuwajulisha kwamba hapo ni nyumba ya ndoa na kuna mgogoro, wakugongee mhuri nakala yako, na shauri likishafunguliwa uombe mahakama izuie uuzaji. Hili la zuio ndilo la kumlipia mwanasheria mapema kuliko hata talaka yenyewe.

Watoto: mahakama inaangalia maslahi ya mtoto kwanza. Aliye chini ya miaka 7 sheria inadhani ni vizuri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo, huyo wa miaka 8 hana dhana hiyo na maoni yake yanaweza kusikilizwa. Matunzo usisubiri talaka, nenda Ustawi wa Jamii sasa hivi kaeleze.

Basi tuje kwa wakili. Mwambie akupe jina lake kamili na namba yake ya uwakili, halafu ingia kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili, mtafute. Kama hayupo, au yupo lakini leseni ya mwaka huu haijahuishwa, unaondoka. Mwenye leseni hai hakasiriki kuulizwa. Mkikubaliana, kila kitu kwenye karatasi: analipwa kiasi gani, kwa awamu zipi, hela hiyo inaishia wapi (hukumu tu, au na utekelezaji, na rufaa je), ada za mahakama na nauli ni za nani. Lipa kidogo kidogo kulingana na hatua, na kila ukilipa dai risiti. Muulize pia ameshaendesha mashauri mangapi ya ndoa na kama atakuja mwenyewe au atakuwa anamtuma mtu. Mimi napenda wakili anayekwambia na udhaifu wa kesi yako siku ya kwanza.

Na uwezo ukiwa mdogo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na LHRC wote wapo Dar na wanasaidia bila malipo wasiojiweza. Shauri lenyewe kwa sisi wa Dar linaenda kwenye kile kituo jumuishi cha masuala ya familia Temeke kilichoanza 2021, na wapo wanawake wengi wamefungua na kujitetea wenyewe mahakama ya mwanzo wakiwa wameandaliwa vizuri na msaada wa kisheria. Hiyo laki tano rudisha ulikokopa riba isikuue.

SWALI: Anti mimi ni baba, niko Mwanza. Wakili nimemlipa laki sita kesi ya talaka na mgawanyo wa mali, tarehe mbili zilizopita hakutokea, simu hapokei, risiti hakunipa. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, kesi ni yako sio yake. Kesho nenda masjala ya mahakama na namba ya shauri, uliza tarehe inayofuata na siku hiyo uende mwenyewe usimsubiri, maana mdai akikosekana shauri linaweza kufutwa. Mwandikie barua ya kumtaka aeleze kazi imefikia wapi na arudishe nyaraka zako, iwe na tarehe na wewe ubaki na nakala. Una haki ya kubadili wakili muda wowote. Akiendelea kukaa kimya peleka malalamiko Kamati ya Mawakili, na muamala wa simu unaoonyesha ulimtumia hela ni ushahidi, kautoe kwenye kampuni ya simu sasa hivi.

SWALI: Mimi na mume wangu wa Tanga tumeachana kwa amani, talaka kaandika mbele ya sheikh. Tunaweza kutumia wakili mmoja wote wawili tuokoe hela?

JIBU: Hapana mwanangu. Hata mkipatana leo, kwenye mali na watoto kila mmoja ana maslahi yake, na wakili hawezi kubeba pande mbili zinazoweza kugongana. Mnachoweza kufanya ni kuandika makubaliano yenu, wakili wa mmoja ayaweke vizuri, mwingine ayapeleke kwa msaada wa kisheria yakasomwe kabla hajasaini. Na ile karatasi ya sheikh peke yake haijamaliza, ndoa ya Kiislamu nayo inapita baraza, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) linatambuliwa, na talaka inayohesabika kisheria ni ile inayotolewa baada ya hati ya baraza, kwa hiyo mkishapata hati talaka itolewe tena, halafu mnapeleka vyote mahakamani ili mahakama itoe amri yake. Pelekeni kabla miezi 6 ya ile hati haijaisha.