Kuku wa umri tofauti kwenye banda moja usiku, mimi nawalaza hivi

Mkuu umesema una mitetea 14 na jogoo mmoja, wengine 9 wa miezi miwili na nusu, na vifaranga 30 wa wiki tatu, banda ni moja la futi 10 kwa 12, na unauliza kama usiku unaweza kuwaacha walale pamoja kwa sababu ukichungulia unakuta wote wametulia. Jibu langu ni hapana, na hilo la kutulia ndilo lililoniponza mimi kwa karibu mwaka mzima kwa hiyo naomba nieleze vizuri.

Niko Iringa, huu mwaka wa saba nafuga kienyeji na chotara, sijawahi kuzidi 120. Mwanzo nilikuwa nafanya hivyohivyo, saa kumi na mbili na nusu jioni naingiza wote nafunga, saa tatu napita na tochi nakuta wakubwa wako kwenye fito, wadogo wamejikusanya chini, kimya kabisa, naenda kulala na amani zangu. Na ni kweli kuku gizani haoni vizuri, hagombani na mtu. Shida iko alfajiri. Saa kumi na mbili kasoro mwanga ukianza kupenya kwenye wavu wanaamka, mimi nilikuwa nafungua saa moja, yaani hapo katikati kuna zaidi ya saa nzima wako macho, wana njaa, wamefungiwa na kifaranga hana pa kukimbilia.

Nilikuwa nakuta kifaranga kimoja kimetobolewa utosi nasema panya hao, naweka mtego, panya hanaswi na wiki ijayo nakuta kingine. Siku moja nikaamka mapema nikakaa nje juu ya ndoo niliyoigeuza nikawa nachungulia kwenye tundu la mbao. Kuna mtetea wangu mwekundu, mchana mpole hata watoto wangu wanambeba, nikamwona anashuka kwenye fito, akanyoosha bawa na mguu wa upande mmoja kama wanavyofanyaga wakiamka, halafu akaenda moja kwa moja kwa kifaranga kilichokuwa pembeni ya wenzake akakidonoa utosini, mara ya kwanza, mara ya pili, damu ikatoka, na kuku akishaona damu basi, wakashuka wengine wanne. Niliingia mbio nikakitoa lakini mchana wake kikafa mkononi kwangu. Toka siku hiyo sijalaza tena vifaranga na wakubwa.

Kwa hiyo kwenye banda lako usijenge banda jipya, gawanya hilohilo. Ule urefu wa futi 12 chukua 6 wape wakubwa, 3 wape hao 9, 3 vifaranga. Tumia mbao na wavu, ila chini kabisa weka mbao au bati mpaka futi moja na nusu halafu wavu ndio uanzie hapo kwenda juu, maana ukishusha wavu mpaka chini mkubwa anadonoa kifaranga kupitia kwenye matundu. Upande wa nje tafuta wavu wa matundu madogo ambao kidole hakipiti, kicheche na nyoka wanapita sehemu ambayo huwezi kuamini. Kila chumba kiwe na mlango wake, na vifaranga wawe karibu na mlango mkubwa ili asubuhi uanze nao wao kabla hujakanyaga mavi ya wakubwa. Hii usiidharau, kuku wakubwa wanabeba koksidia, vile vijidudu vya kuhara damu, bila kuonyesha dalili yoyote, wewe unaihamisha kwa viatu kwenda kwa watoto wa wiki tatu mpaka sita ambao ndio inawamaliza, wanaharisha damu siku mbili unabaki na nusu. Kama upepo unaingia upande huo wa mlango ziba chini kwa gunia, juu acha wazi hewa chafu itoke.

Vifaranga wa wiki tatu kwa baridi ya huku kwetu mwezi wa sita na wa saba bado wanahitaji joto usiku. Wiki ya kwanza inatakiwa nyuzi 32 mpaka 35 halafu unashusha kama tatu kila wiki, lakini mimi naangalia wao wenyewe, wakilundikana wana baridi, wakikaa mbali na joto wanahema midomo wazi limezidi, wakitawanyika wakalala kila mtu kivyake uko sawa. Wawekee duara la hadibodi, kona usiache hata moja. Mimi Julai moja mkaa ulizimika usiku wa manane, wakakimbilia kona, asubuhi nikakuta 11 wamekufa, wa juu wote wazima, wa chini wamebapa na manyoya yamelowa kabisa. Mkaa uwashie nje mpaka uwe mwekundu wote ndio uingize, na usizibe banda lote, ile hewa ya mkaa inaua kuku na binadamu pia.

Hao 9 wa kati wawekee fito za chini, futi moja inatosha. Za wakubwa weka zote usawa mmoja, achana na zile za ngazi, maana kila mmoja anagombea ya juu na aliyeshindwa analala chini ananyewa usiku kucha. Kila kuku mpe kama sentimita 20. Viota vizibe jioni la sivyo kuna wavivu watalala humo na mayai yatachafuka.

Chakula cha watagaji kina chokaa nyingi, kinaharibu figo za wadogo, hiyo ni sababu nyingine ya kutenganisha. Lakini wakubwa waachie kidogo kwenye chombo usiku ili alfajiri wakiamka wawe na shughuli.

Kuhusu kuwaunganisha, hao 9 subiri wafike wiki 14 mpaka 16 wawe wamekaribiana ukubwa. Wapo wanaosema wapandishe kwenye fito usiku asubuhi wakubwa watadhani walikuwepo siku zote. Mimi nilijaribu bila wavu, asubuhi ikawa vita. Inafanya kazi kama wameshaonana kupitia kwenye wavu wiki mbili hivi, na unawahamisha wote kwa pamoja, usipeleke mmoja mmoja, na asubuhi yake saa kumi na mbili kasoro uwe umeshafika bandani, chakula na maji umeweka sehemu tatu tofauti. Yule mbabe anayewafukuza wenzake mtoe siku tatu, akirudi yeye ndiye mgeni.

Na kama una kuku mwenye vifaranga wake aliowatotoa mwenyewe, mfunike kwa tenga kwenye kona, juu weka jiwe. Msimu wa mvua mwaga majivu kuzunguka banda lote, siafu wakiingia usiku kuku aliyelalia haondoki kwenye mayai, wanamla palepale.

Sasa wavu hutapata leo. Jioni ya leo kabla hujafunga, hao 30 watoe, wagawe kwenye maboksi mawili 15 kwa 15, toboa matundu pembeni, weka maranda makavu na ulaze ndani kwako chumba ambacho hakina jiko linalowaka. Fanya hivyo kila siku mpaka fundi amalize ukuta.