Nimpe mama bakteria wa tumboni mwangu?

Shikamoo daktari. Mama, hapa Uyole, Mbeya, anatibiwa saratani kwa kemo. Anaharisha, jana usiku kaamka mara sita, khanga zote ziko kambani. Nasikia kinyesi cha mtu mzima wa afya ni dawa. Nijitolee?

Marahaba mwanangu, poleni sana. Marekani iliidhinisha tiba hiyo 2022, ila kuzuia maambukizi yanayojirudia ya Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuharisha kukali. Kwa kuharisha kwa kemo bado ni utafiti. Wanaotoa kinyesi hupimwa damu na kinyesi chenyewe kwanza. Nyumbani usithubutu kabisa! Kinga ya mama imeshuka, kimelea kisichokusumbua wewe kinaweza kumuua. Mrudishe kliniki leo leo, hasa akiwa na homa au damu chooni. Njiani mnyweshe ORS, kijiko kijiko.