Testa ya taa: nunua hii kabla hujanunua spea yoyote

Kama una gari, ama boda, ama hata trekta, na huna testa ya taa, kile kidude chenye balbu ndani cha kupimia umeme wa gari, naomba usome hii yote, maanake mimi nimetupa pesa nyingi na nusura gari iungue yote kwa ajili ya waya moja ambayo ingeonekana kwa dakika kumi tu.

Mimi nabeba samaki kutoka Majanji kuja Busia, upande wa Uganda, ngege (sato) na mputa (sangara), na siku zingine tunafika mpaka Jinja. Gari ni Hilux ya kitambo. Kazi ya samaki wabichi ni ya usiku na alfajiri, jua likishawaka barafu inayeyuka na bei inashuka, kwa hiyo taa kwangu ni kila kitu. Sasa mwaka juzi taa za nyuma zikaanza kunizimikia. Sio balbu, ni fyuzi, ile nyekundu ya ampia 10 (ampia ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita), unaweka mpya unawasha taa inakaa vizuri kabisa, unaenda kilomita tatu nne, gari inaingia shimo moja, basi fyuzi imekwenda. Na taa za dashibodi nazo zinalala pamoja maanake ziko laini moja, hiyo ndio alama niliyokuwa naitegemea, dashibodi ikiingia giza najua nyuma sina taa. Barabara ya Busia kwenda Namutere usiku imejaa trela za transit, na kuwa mbele ya trela bila taa ya nyuma ni kuita kifo, sisemi hivi kutisha mtu, nimesaidia kutoa watu ndani ya probox iliyogongwa hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza akasema ni swichi ya taa. Nikatafuta swichi ya mtumba, shilingi 85,000 za Uganda, ikafungwa, fyuzi ikaungua siku ileile. Wa pili akasema rilei, ile swichi ndogo inayowashwa na umeme, tukabadilisha rilei, fyuzi ikaungua. Hawa wote wawili hakuna aliyepima kitu, walikuwa wanafungua tu na kubadilisha, na kila mmoja alichukua pesa ya mkono. Wa tatu ndiye alinikosea zaidi, huyu alichukua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara akaizungushia fyuzi iliyokufa akairudisha mahali pake akaniambia, "Boss, hii haitaungua tena." Siku mbili baadaye nikiwa karibu kufika Lumino, mzigo umejaa, nikaanza kusikia harufu ya plastiki, kidogo tu moshi ukatoka chini ya usukani. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, tanboi wangu, msaidizi wa gari, akaruka, mimi nikafungua boneti nikang'oa teminali ya betri kwa mkono mtupu. Vidole viwili viliungua. Waya za chini ya dashibodi zilikuwa zimeyeyuka zikashikana kama ugali.

Naomba hapa nisimame kidogo. Fyuzi imewekwa iungue ili waya isiungue. Ukiona fundi anaweka karatasi ya sigara, ama waya ya shaba, ama anatoa ya 10 anaweka ya 30 "ili ivumilie", mwambie aache hata kama giza limeingia na uko mbali na nyumbani. Waya nyembamba ya taa za nyuma haiwezi kubeba 30, itageuka hita.

Gari ilivutwa mpaka Busia kwa mzee mmoja ambaye watu wa trela wanampenda sana. Nilimkuta amekaa kwa tairi anakunywa chai. Nikamwambia, "Mzee, nisaidie, tubadilishe nini sasa?" Akanijibu, "Hatubadilishi kitu bado, mwanangu. Leta kwanza ile taa yangu pale."

Taa yenyewe ilikuwa kidude kama bisibisi. Mshikio wa plastiki inayoonyesha ndani, ndani kuna balbu ndogo, mbele kuna ncha kali kama sindano ya kushonea magunia, nyuma inatoka waya ndefu yenye kibanio mwishoni. Hakuna betri ndani, hakuna namba, hakuna kitu cha kuharibika isipokuwa ile balbu. Basi.

Zile waya za dashibodi zilizoungua alizitengeneza kwanza, na plagi ya nyuma ya dashibodi akaiacha imechomolewa. Halafu akanituma nitoe balbu zote za laini ile, mbili za nyuma, ya namba pleti, na zile ndogo za mbele. Akatoa fyuzi. Pale fyuzi inapokaa kuna miguu miwili, upande mmoja akabana kibanio, upande wa pili akagusisha sindano, yaani testa imekaa mahali pa fyuzi. Akaniambia washa swichi. Testa ikabaki giza. Nikafikiri ameshindwa, lakini yeye akasema, "Sasa panda nyuma uruke ruke." Nikapanda nikaruka, na pale alipokuwa amesimama nikaona balbu inameremeta mara moja, ikazima, ikameremeta tena. Akamuachia tanboi testa aishike, yeye akaingia chini ya gari na kuanza kuvuta ile fungu la waya mkono kwa mkono kuelekea nyuma, tanboi anamwambia "giza... giza... giza..." mpaka alipofika juu ya gurudumu la nyuma la kushoto, tanboi akapiga kelele "imewaka!" Pale waya ilikuwa inapita kati ya chesisi na bodi, plastiki imesuguliwa ikaisha, shaba imebaki inang'aa kama mpya, gari ikiruka inagusa chuma. Akafunga tepu, akapasua kipande cha mpira wa maji akaivalisha, akaifunga mbali na chuma. Kwa kutafuta hiyo shoti, yaani waya ya umeme kugusa chuma, alinidai 20,000. Swichi yangu ya zamani haikuwa na shida yoyote.

Nilimuuliza mbona hatukuunguza fyuzi hata moja. Akanieleza na mpaka leo naona ni kitu kizuri sana: testa ikikaa mahali pa fyuzi, umeme wote lazima upite ndani ya ile balbu, na balbu ya wati 3 kwa volti 12 inaruhusu kama robo ya ampia tu, hata kuwe na shoti ya namna gani haiwezi kuvuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo shoti badala ya kuchoma kitu inakuwa inawasha taa. Unaweza kutafuta siku nzima. Ila zile balbu za laini lazima uzitoe kwanza kama tulivyofanya, la sivyo umeme utapitia kwa hizo balbu, testa itawaka na utadhani umepata shoti kumbe hujapata kitu.

Hiyo ndio kazi yake kubwa. Kazi yake ya kila siku ni kupima fyuzi bila hata kuzitoa. Angalia juu ya fyuzi hizi za plastiki, utaona vitundu viwili vidogo vyenye chuma ndani, vimeachwa makusudi kwa ajili hii. Bana kibanio kwa chuma safi ya bodi ama kwa negative ya betri, kisha kabla ya yote gusisha sindano kwa positive ya betri uone balbu inawaka, hii hatua usiiruke kamwe kwa sababu balbu ya testa nayo inaungua na utapima gari nzima ukisema haina umeme. Baada ya hapo weka swichi on, gusa kitundu kimoja, gusa cha pili. Vyote vikiwasha fyuzi ni nzima. Kikiwasha kimoja tu, imekatika. Vyote vikikosa, usiilaumu fyuzi, moto (yaani umeme) haujafika pale, rudi nyuma kwa swichi ama rilei ama fyuzi kubwa. Na ukiweka mpya weka ya rangi ileile, mimi nimezikariri: 5 ni rangi ya chai ya maziwa, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 ile nyeupe inayoonyesha, 30 kijani.

Watu wananiambia nunua mita ya namba, ni ya kisasa. Ninayo, na ni nzuri, lakini iliwahi kunidanganya kwa boda ya shemeji yangu. Boxer yake taa ya breki imekataa, balbu mpya tumeweka, napima kwa soketi mita inasoma 12.4, nikamwambia shemeji balbu uliyouziwa ni mbovu, akaenda akaleta nyingine, ikakataa pia. Nikakumbuka testa. Nikabana, nikagusa palepale penye 12.4, giza. Tukafuata waya mpaka chini ya kiti mahali inapokunjwa, kuifinya ni laini kama uzi, tulipoichuna ndani ilikuwa ya kijani yote, nyuzi za shaba zimeoza zinagusana kidogo tu. Mita haivuti karibu chochote, kwa hiyo hata uzi mmoja uliooza unatosha kuionyesha volti zote. Balbu ya testa inakula umeme, inataka kubebewa mzigo, na waya iliyooza haiwezi kubeba. Ndio maana kwa waya za magari yetu haya ya zamani mimi naanza na testa, mita nachukua baadaye nikitaka kujua betri iko ngapi ama oltaneta inachaji ngapi.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwa negative ya betri kupitia chuma ya bodi, nayo watu wengi hawaipimi. Ukiona ukipiga indiketa na taa ya breki nayo inapepesa kidogo kidogo, mara nyingi ni ethi imeshika kutu. Geuza testa: kibanio kwa positive ya betri, sindano kwa ile waya nyeusi ama bolti ya ethi, ikiwaka kwa nguvu ethi ni safi, ikiwaka kwa unyonge fungua bolti usugue msasa. Na wenye Hilux na Land Cruiser za zamani, kwa taa kubwa za mbele nyingi zimefungwa kinyume, moto unafika kwa balbu moja kwa moja na swichi inakata upande wa ethi. Nimeona kijana anapima moto kwa taa imezimwa, testa inawaka, anaapa kuna shoti. Hakuna shoti, gari imetengenezwa hivyo.

Sasa mahali pa kutoigusisha. Waya zilizovalishwa njano chini ya usukani na kwenye viti ni za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga, usizichome, ile robo ya ampia inaweza kuifyatua usoni mwako. Waya za kompyuta ya gari na sensa pia achana nazo, kwa hizi za kompyuta na sensa tumia mita ama testa za LED zinazovuta kidogo sana. Lori kubwa nyingi, Fuso na Isuzu, ni volti 24, testa ya 12 ukiigusisha balbu inakufa hapohapo, tafuta iliyoandikwa 6 mpaka 24. Na umeme wa nyumba wa 240, hapana kabisa, hii sio testa yake.

Hata ile bisibisi ya nyumbani yenye taa ndogo nyekundu mimi siiamini peke yake. Inawaka kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya mwili wako, ndio maana unaweka kidole kule nyuma, kwa hiyo ukiwa umesimama kwa mbao kavu ama una slipa nzito inaweza kukosa kuwaka na waya ina moto kamili. Isipowaka usiseme umeme haupo, zima kwanza meni swichi. Ila fyuzi ya 13 ya ndani ya plagi unaweza kuipima kwa testa ya gari: chomoa plagi, toa fyuzi, nenda nayo kwa betri ya gari, kibanio kwa negative, simamisha fyuzi juu ya positive, gusa sindano kichwa cha juu. Ikiwaka ni nzima.

Ya kununua angalia waya iwe ndefu, angalau itoke betri ifike usukani, nyingi za bei ya chini waya ni fupi mpaka unakosa pa kubana. Angalia kama mshikio unafunguka ubadilishe balbu. Yangu niliipata Busia kwa 10,000, Kampala pale soko la spea la Kisekka utachagua mwenyewe. Ukikosa kabisa chukua soketi ya balbu ndogo ya wati 5, funga waya mbili, moja msumari na nyingine kibanio, inafanya kazi ileile.

Na sindano yake ni kali, ukitoboa plastiki ya waya maji yataingia kwa kile kitundu na baada ya mvua moja mbili shaba inageuka kijani, kama ile ya shemeji. Ukiweza ingiza ncha nyuma ya plagi badala ya kutoboa. Umetoboa tayari? Funga tepu palepale kabla hujafunga boneti.