Kala Ngapi, Kaliwa Ngapi? Maswali Yenu Kuhusu Kubeti

Mwenzetu wa steji ya bodaboda hapa Katwe anadai mkeka wake (mechi kadhaa zilizobetiwa pamoja) wa elfu mbili umempa milioni moja na laki mbili. Tumwamini?

Inawezekana. Mechi kumi, kila moja odi 1.90 (yaani dau linazidishwa mara 1.90), zikipita zote zinalipa kama mara 613. Lakini hata kila mechi ikiwa nusu kwa nusu, mkeka wa aina hiyo hupita mmoja kati ya 1,024. Kununua yote hiyo kwa elfu mbili mbili ni shilingi 2,048,000, na huo mmoja unarudisha kama 1,226,000. Kwa hiyo mpongezeni, kisha mumuulize ni mingapi imechanika kabla ya huu.

Mume wangu anasema mwaka huu kubeti kumemwingizia laki nane. Nyumbani sizioni. Ananidanganya? (Mama wa watoto watatu, Busia)

Huenda hadanganyi, dada, na hapo ndipo pagumu. Wengi wanaobeti hukumbuka pesa iliyoingia tu. Laki nne ya siku moja haisahauliki: alinunua nyama, akawapigia simu ndugu. Elfu tatu ya Jumanne usiku nani anaikumbuka?

Muombe mkae pamoja na taarifa ya miamala ya simu yake, ya miezi sita hivi. Usianze kwa ugomvi. Chukueni karatasi, upande mmoja muandike alizotuma kwenye kampuni ya kubeti, upande wa pili alizotoa huko zikaingia kwenye simu. Mtakuta mistari ya 2,000, 5,000, 3,000, tena 5,000 dakika chache baada ya mechi kuisha (hiyo ni ya kufukuzia hasara), halafu mstari mmoja mnono wa 400,000. Huo mnono ndio anaousimulia. Na kama alitoa laki nne akairudisha laki tatu kesho yake, kichwani mwake bado ameshinda laki nne. Akikataa kabisa kuonyesha taarifa, umeshapata sehemu ya jibu.

Jamaa wa Telegram alinitumia matokeo matatu bure, yote yakatokea. Sasa anataka 50,000 anipe mechi "iliyopangwa".

Usitume. Fikiria ana watu 800. Nusu anawaambia timu itashinda, nusu haitashinda. Wale 400 waliopata anawagawa tena, wanabaki 200, kisha 100. Wewe ni mmoja wa hao 100. Wale 700 wengine hukutani nao. Na angekuwa na mechi ya uhakika kweli, elfu hamsini yako angeitakia nini?

Mjomba anaapa aliibetia Leicester ubingwa kwa odi ya 5000 kwa 1.

Odi hiyo ilikuwepo Uingereza kabla ya msimu wa 2015/16. Hata huko, baadhi ya walioshika tiketi hizo walikubali kulipwa mapema kwa pesa pungufu. Mjomba aonyeshe tiketi.

Nina miaka 22, niko chuo. Wenzangu wanaweka picha za salio la mamilioni.

Picha si ushahidi. Namba kwenye ukurasa hubadilishwa kwa dakika moja. Tena sheria yetu hapa Uganda ya mwaka 2016 inakataza walio chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kama hao ni rika lako, waulize akaunti imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, na hayo mamilioni yakitolewa yanaingia kwenye simu ya nani.