Pampu ya kisima haifi kwa uzee

Huku kwetu Chanika, Dar es Salaam, pampu ikiungua, lawama zote humwangukia muuza duka: kauza feki. Feki zipo, sikatai. Lakini nimesimama kwenye visima vingi wakati fundi akivuta bomba, changu na vya majirani, na mara nyingi kilichoiua pampu ni kisima kuzidiwa au umeme kuwa mdogo. Yote mawili mwenye nyumba anaweza kuyazuia.

Tuanze na kisima. Wengi waliochimba kwa haraka baada ya mgao wa maji wa 2021 na 2022, Mto Ruvu ulipopungua, walinunua pampu kwa kufuata ukubwa: hospawa 1.5 kwa sababu jirani anayo. Pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwa mota. Kisima kikiwa kinatoa lita 1,200 kwa saa na pampu inavuta 3,000, maji yatashuka mpaka ianze kunyonya hewa, na hapo inajipika yenyewe.

Kupima ni rahisi. Acha pampu ivute maji kwa muda wa kutosha huku umesimama pale pale, kisha kinga ndoo ya lita 20 ukiangalia saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, unavuta lita 1,800 kwa saa. Ukiona maji yanakatika na kutema hewa, zima mara moja na uache kisima kijae tena. Hapo usikimbilie kununua pampu nyingine. Punguza geti valvu, ile koki iliyo juu ya kisima, kidogo kidogo mpaka maji yatoke mfululizo, ila usiifunge yote. Na upime mwishoni mwa kiangazi. Ukipima mwezi wa tano, masika ikiwa imejaza kisima, utadanganyika.

Ndoo hiyo hiyo iache itulie, utazame chini. Ukiona mchanga umetanda, ujue ndio unaosaga pampu kila siku. Pandisha pampu mita kadhaa kutoka chini ya kisima. Mchanga usipokoma, muite mwenye kompresa, mashine ya kupuliza upepo, akisafishe kisima. Gharama hiyo inauma, lakini ni bora kuliko kubadilisha pampu kila mara.

Umeme nao. Wa kwetu unatakiwa kuwa volti 230, lakini saa mbili usiku, kila nyumba ikipika na kutazama taarifa ya habari, mita ya fundi inaweza kusoma 180. Mota hulazimika kuvuta ampea nyingi zaidi, yaani mkondo mkubwa wa umeme, kwa kazi ile ile, koili zinapata moto. Mimi hujaza tangi alfajiri. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua kifaa cha kuikata pampu umeme ukishuka au maji yakiisha. Kwa maoni yangu hicho kinakuja kabla hata ya tangi la pili.

Halafu kuna floti ya kwenye tangi, ile swichi inayoelea na kuiwasha au kuizima pampu, ambayo watu hawaitazami kabisa. Wakati wa kuwaka mota hunyonya umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa hiyo kuwaka na kuzima kila mtu akinawa mikono kunaimaliza. Panda juu, fungua mfuniko, usogeze kile kizito kilicho kwenye waya wa floti ili pampu iwake tangi likifika nusu, si likipungua ndoo mbili. Kama tangi halitumiki na bado pampu inawaka yenyewe, tafuta panapovuja.

Wenzetu wa Kigamboni na wote walio karibu na bahari, msinunue bomba la chuma wala kamba ya waya wa kawaida, chumvi itavila. Na kuvuta maji kwa kasi huko huyaita maji ya bahari kisimani, basi vuteni taratibu.

Mwambie fundi akiandikie kwa maka pen ndani ya mfuniko wa boksi la kuwashia: kina cha kisima, maji yanaanzia mita ngapi, pampu imening'inia mita ngapi, na inavuta ampea ngapi ikiwa mpya. Ampea zikipanda, kuna mchanga au bushi zinakwama. Zikishuka na maji yamepungua, inakosa maji au mapanga yanayosukuma maji ndani yake yamelika. Hapo kata umeme kwenye breka, muite fundi, na aivute kwa kamba. Asiinyanyue kwa waya wa umeme hata akikwambia amezoea.